Gauni Lililomtosha Milembe

Stephania alikuwa fundi cherehani pale sokoni Bariadi, na kwa maneno yake mwenyewe, tangu ashike mkasi hajawahi kukosea kipimo. Watu wengine husubiri kusifiwa na majirani. Yeye hakuwa na muda huo. Ukipita mbele ya kibanda chake alikuwa ameshakupima kwa macho, bega na kiuno, na ukibisha anatoa futi kukuaibisha. Wanakwaya wenzake walishayazoea majigambo hayo, kama walivyoizoea sauti yake, ambayo ilikuwa kubwa kuliko nzuri.

Kwa hiyo mchungaji Luhende alipotangaza kwamba safari ya huduma mwaka huu ni Lingeka, kule Meatu, kwa watoto ambao wazazi wao wako gerezani, kazi ya kushona nguo ilimwangukia Stephania bila hata kupigiwa kura. Shida ilikuwa moja tu. Lingeka ni mbali, na hakuna aliyekuwa na vipimo vya watoto hao. Stephania akasema hiyo si shida, atakwenda gerezani kuwauliza wazazi wenyewe.

"Mzazi gani atasahau mwili wa mwanawe?" aliuliza kikaoni.

"Basi uache akiba kwenye upindo," mchungaji akamshauri. "Watoto wanakua."

"Baba mchungaji, mimi nimewahi kukufundisha kuhubiri?"

Kikao kizima kikaangua kicheko, mchungaji naye akacheka, na habari ya upindo ikaishia hapo.

Gerezani waliitwa mmoja mmoja mbele ya askari. Kila mzazi alionyesha kimo cha mwanawe kwa mkono, kiganja kimesimama na vidole vikitazama juu, kwa sababu kiganja cha kulaza ni cha kuonyeshea ndama. Stephania alishusha futi kutoka vidoleni hadi sakafuni, akauliza kama mtoto ni mnene au mwembamba, akaandika kwenye daftari. Kulikuwa na utani mwingi. Baba mmoja alipanua mabega ya mwanawe mpaka askari akamuuliza kama anashonewa mtoto au dume la ng'ombe.

Wa mwisho aliitwa Machibya, mwanamume mrefu, mjane, aliyefungwa kwa kesi ya wizi wa mifugo. Ulikuwa mwaka wake wa nne. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Milembe, aliyebaki na bibi yake.

"Ananifika hapa," alisema, akisimamisha kiganja usawa wa kiuno chake. "Ni mwembamba, ila mikono mirefu, kama mimi." Kisha akateremsha sauti, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, tangu niingie humu sijapata habari zake. Mama yangu ni mzee, safari haiwezi. Ukitoka huko, nakuomba uje unionyeshe amefika wapi."

"Nitakuja. Mimi nikiahidi nimeahidi."

Fundi mwenye masikio angeshtuka hapo hapo. Huyu wetu alikuwa anaandika urefu wa mikono.

Walifika Lingeka wakati watu wanachuma pamba, wakapewa darasa moja la shule ya msingi. Bibi na shangazi walikuwa wameshaketi na watoto wao, wamewapaka mafuta yanang'aa. Baada ya salamu na wimbo, nguo zikaanza kugawiwa. Wa kwanza akapewa shati, likamkwama mabegani. Stephania akasema limekunjika vibaya, akalivuta, kifungo kikaruka. Wa pili kaptula haikupita mapajani. Wa tatu, msichana mwenye umbo la kuweza kubeba ndoo ya maji kichwani bila msaada, alipewa gauni la mtoto wa chekechea. Alilitazama, akalikunja vizuri, akasema asante.

Hapo ndipo akili ilipomrudia Stephania, na ilirudi kwa kishindo. Wale wazazi hawakukosea hata kidogo. Kila mmoja alikuwa amemwonyesha mtoto aliyemwacha mlangoni siku ile alipokamatwa. Kwao watoto walikuwa wamesimama pale pale. Na yeye, fundi asiyekosea, alikuwa ameshona nguo za watoto ambao hawapo tena. Alijisikia aibu. Akina mama wenzake walitazama chini, na hakuna aliyethubutu kumtania, jambo lililomuumiza zaidi.

"Milembe Machibya," mchungaji akaita, kwa sauti ya mtu anayetaka shughuli iishe.

Akaja mtoto mdogo, ameshikwa mkono na bibi yake. Gauni likaingia kichwani, likashuka bila kukwama popote. Mabega sawasawa. Mikono mpaka kwenye kifundo. Pindo likatua chini kidogo ya magoti. Darasa zima likapumua, kisha vigelegele vikapigwa hadi nje, na Stephania akapiga makofi kuliko wote.

"Si nilisema!" alipaza sauti. "Kipimo changu mnakionaje sasa?"

Akapiga magoti kuiweka kola sawa, furaha imemjaa, akamuuliza mtoto ana miaka mingapi.

"Tisa."

Stephania akacheka. "Mitano, mama. Tisa bado."

"Ni tisa, mayu," bibi akasema taratibu. "Baba yake alimwacha na mitano."

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Stephania alibaki na vidole kwenye kola, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtoto badala ya gauni. Mfupa wa bega ulikuwa chini ya kidole chake, mkavu, hauna nyama. Weupe wa macho ulikuwa wa manjano. Watoto wote mle ndani walikuwa wameyapasua mashati yake kwa kukua, na yeye alikuwa anashangilia mmoja ambaye hakukua.

"Nyamazeni!" aliwapigia kelele akina mama. "Nyamazeni jamani!"

Akamuuliza bibi kama mtoto anasoma.

"Nangoja akue kwanza," bibi akajibu. "Anaumwaumwa viungo, analia. Nimempeleka kwa waganga wawili. Nikasema akikua kidogo nitampeleka shule."

Jioni hiyo hiyo Milembe na bibi yake walipakiwa kwenye gari la kanisa, wakapelekwa hospitali. Daktari alisema ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na chakula kidogo kiliongeza mengine. Akaongezewa damu, akaanzishiwa dawa na kliniki. Kuhusu kukua, daktari alisema tutaona.

Ikabaki ahadi. Mchungaji Luhende alimsihi Stephania aseme tu kwamba mtoto anaendelea vizuri, mfungwa asije akajidhuru kwa mawazo. Akina mama waliafiki. Stephania naye aliafiki, maana usingizi ulikuwa umeshamkimbia na hakutamani umkimbie na mwenzake. Akaenda gerezani na jibu hilo mdomoni.

Machibya alitoka mbio kidogo, mpaka askari akamkemea. Hakumpa hata nafasi ya salamu.

"Mayu, gauni lilimtosha?"

Lilikuwa swali ambalo Stephania hakuliandalia uongo.

"Lilimtosha," akasema.

"Lilimtosha!" Machibya akamgeukia askari, meno yote nje. "Umesikia? Sikumsahau mwanangu! Kote, hata mikono?"

"Hata mikono."

Machibya alikuwa ameshainua kiganja, vidole juu, usawa wa kifua chake, mahali ambapo mtoto wa miaka tisa angekuwa amefika. "Kwa hiyo sasa atakuwa ananifika…"

Hakumaliza. Alikitazama kiganja chake pale kifuani, kisha akamtazama Stephania, na Stephania akashindwa kuyakwepesha macho. Kicheko kikamtoka usoni. Mkono ukaanza kushuka taratibu, vidole bado vimesimama, ukapita mbavu, ukapita tumbo, ukafika kiunoni, ukakaa.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo, baba Milembe."

"Lakini hapa ndipo nilipomwacha."

Stephania akatikisa kichwa kukubali. Askari akasema muda umekwisha, akasema tena, na Machibya hakuushusha mkono.