Pweza wangu na safari ya Bibi Juani

Jamani, leo nimetoa pweza mkubwa kuliko wa baba zenu wote, na sina hamu naye.

Likizo ya Baba kutoka kazini kwa tajiri wake, Bwana Shauri, inaisha leo.
Tulipanda mashua familia nzima kwenda kisiwa cha Juani, ili Bibi azuru kaburi la mama yake.

"Simamisheni hapa mwambani, mara moja tu!" nikasema, mimi bingwa wenu.

Pweza akang'ang'ania shimoni, nami nikang'ang'ana naye.

Nilipogeuka, bahari imekupwa, maji yametoka, mashua imekaa juu ya mwamba.

Baba akasema, "Yakijaa itakuwa jioni, tunarudi nyumbani; kesho nipo kazini."

Bibi akageuza uso kuielekea Juani kwa mbali, akasoma Fatiha palepale.
Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, huyo apikwe kwa nazi."

Hata hakunigombeza!

Nani anamtaka pweza huyu? Njooni mumchukue.