Kijani Chini ya Tyubu

Baiskeli ya marehemu babu ilikuwa na rangi ambayo hakuna mtu wa familia yetu aliyewahi kuiona. Fremu yote ilikuwa imezungushiwa vipande vya tyubu kuukuu ya gurudumu, kipande juu ya kipande. Babu aliinunua hivyohivyo mjini Kayanga, ikiwa imeshatumika, kisha akawatangazia watu kwamba chini yake kuna kijani cha kiwandani, ila haifunguliwi, jua litaila. Hakuifungua mpaka anaingia kaburini.

Bibi aliposwa kwa baiskeli hiyo.

"Hapa kijijini Nyakakika baiskeli zote zilikuwa nyeusi," alikuwa akisimulia. "Huyu akasema yake ni ya kijani. Nikajua ana kitu."

"Bibi, nani alikiona hicho kijani?"

"Kula ndizi zako."

Likizo iliyopita baba mdogo alikuja na msasa na kopo la rangi ya bluu. Alitaka baiskeli ya kubebea ndizi, lakini si iliyofungwa bandeji. Nikamwambia rangi ya asili ikishasuguliwa hairudi.

"Rangi ipi, msomi wetu? Hiyo ya kuambiwa?"

"Basi tufungue kwanza."

Tukakubaliana mbele ya bibi: tukikuta kijani, inabaki ilivyo, tukikuta rangi nyingine yoyote, inapakwa bluu. Bibi aliendelea kumenya ndizi. Mimi nilijivunia makubaliano yale. Niliyaona ya kisayansi kabisa.

Tyubu ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe. Nililowesha kila kipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikabandua kwa ukucha, maana kisu kingekwangua. Baba mdogo alikalia kopo lake akiniuliza kama mgonjwa anaendeleaje.

Kipande cha kwanza kikatoka. Nyeusi. Nikasema ni uchafu wa mpira, nikafuta. Nyeusi. Nikahamia bomba la chini la fremu: nyeusi inayong'aa, yenye mistari miwili myembamba ya dhahabu, safi kana kwamba imetoka dukani jana. Sijawahi kuona rangi nzuri kama ile kwenye baiskeli, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeihukumu kifo.

"Mama, njoo uone kijani chako!" baba mdogo akaita, huku akifungua kopo kwa bisibisi.

Bibi akaja na kisu chake, vidole vimejaa utomvu. Akainama, akatazama, akacheka hadi akashikilia kiti cha baiskeli asianguke.

"Mwongo yule! Miaka yote hiyo!"

"Labda naye alidanganywa na aliyemuuzia," nikasema. "Si hakuifungua?"

"Adanganywe yeye? Hata wanunuzi wa kahawa walikuwa wakimwogopa kwa ujanja wake! Mjukuu wangu, wewe unaamini kila kitu."

Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Funika hilo kopo."

"Mama, tulikubaliana mbele yako."

"Mlikubaliana ninyi. Mimi nikiwaambia wenzangu kwamba alinioa kwa uongo, watasema nionyeshe. Niwaonyeshe bluu?"

Baba mdogo akanitazama kana kwamba jibu hilo nilimwandikia bibi mimi. Msasa akaurudisha mfukoni.

Hadi jioni nilikuwa nimebandua kila kitu. Nilitaka kuifunga upya kwa kitambaa safi, bibi akakataa; akaipangusa mwenyewe kwa tone la samli, taratibu, hasa kwenye ile mistari ya dhahabu. Jumapili baada ya ibada walikuja wanawake watatu wa rika lake. Hata chai hawajapewa, akaitoa baiskeli nje hadi uani.

"Haya," akawaambia, "nani kati yenu anaona kijani?"