Dada Aliyelitetea Neno 'Ghairi'

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Buguruni: dada niliyefanya naye kazi miaka miwili amefariki. Msomaji hakumjua. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla hajaajiriwa nasi kuhariri miongozo ya programu ya kompyuta inayotunza taarifa za wagonjwa kwenye zahanati.

Programu hiyo ilikuwa na vitufe viwili: kimoja cha kuondoa kabisa taarifa za mgonjwa, kingine cha kuacha bila kubadili chochote. Orodha yetu ya maneno ilivipa vyote jina moja, 'Futa'. Kikaoni dada akasema, "Hiki cha pili kiitwe 'Ghairi'. Mtu akighairi, ameacha alichotaka kufanya. Akifuta, kitu kimekwenda." Bosi akamjibu kwa upole, "Sista, hilo neno la watu wa pwani, wengine hawatalielewa. Na orodha imeshapitishwa." Mimi nimezaliwa bara, na neno hilo nalijua tangu utotoni. Nilikaa kimya nikipekua karatasi zangu.

Haikupita miezi mingi, muuguzi mmoja wa Chamazi akafungua kwa bahati mbaya taarifa za mjamzito asiyemhusu. Akataka kutoka, akabonyeza 'Futa'. Mahudhurio yote ya yule mama yakapotea, na muuguzi akaandikiwa barua ya onyo. Dada alimfuata hukohuko Chamazi. "Mwanangu, kosa si lako, ni letu," akamwambia. Aliporudi aliandika kuomba onyo lile liondolewe na neno libadilishwe. Hakujibiwa.

Nilimuuliza kwa nini haachi kazi. "Mama yangu amepooza, ananitegemea mie," akasema. "Niende wapi?" Basi kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake akaendelea kuandika 'futa' mahali alipojua si pake, ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila mwongozo jina lake likatokea kama mhariri. Kuna kifungo kisicho na mlango wa kubomoa: unalazimishwa kuandika vibaya kitu unachokijua vizuri. Wako wengi humo, maofisini mwetu, na tunawaita wabishi.

Msibani nilikutana na yule muuguzi. Onyo bado limo kwenye faili lake. Nilipomtajia jina langu na nilikofanyia kazi, akanitazama. "Kumbe ni wewe. Alinambia kikaoni kulikuwa na mwenzake mmoja aliyeona kama yeye, ila alikuwa na hofu."

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku ile kikaoni dada hakuniona. Nikaenda kukaa na wafiwa. Tangu siku hiyo naamini kuchagua neno sahihi si kazi ya mhariri peke yake. Anahitaji angalau mtu mmoja wa kusema, kabla orodha haijafungwa, "Hata mimi naona hivyo."