Soma Kuanzia Chini

Juzi nilikwenda Moshono kuhamisha vitu vya marehemu Bibi kabla nyumba haijavunjwa. Ndani ya kitabu chake cha nyimbo, alichokibeba kanisani kila Jumapili bila kujua hata herufi moja, nikakuta karatasi ya sabuni imenyooshwa vizuri. Nikakaa chini papo hapo.

Unajua, tulipokuwa tukiishi kwa Bibi, mdogo wangu alikuwa Darasa la Kwanza, mimi la Tano. Mwalimu wake alimwita Bibi akamwambia mtoto hajui kusoma. Asipojua mwisho wa muhula, atarudia darasa. Nilicheka. Mbona kila jioni, mahindi ya loshoro, chakula chetu cha maziwa ya mgando, yakitokota jikoni, mtoto huyo alitusomea kitabu chake chote cha shule bila kukosea?

Jioni ile Bibi alimsikiliza, mwiko mkononi. "Haya mama, sasa nisomee kuanzia chini kwenda juu."

Mtoto akaanza tena mstari wa juu. Kumbe alikuwa amekariri, maana darasani waliimba wote kwa pamoja! Nami niliyejidai msomi sikugundua.

"Anayeijua njia hapotei wakati wa kurudi," Bibi akasema, akageukia sufuria yake.

Kazi ya kumfundisha ikawa yangu. Bibi alipiga marufuku kile kitabu. Enzi hizo maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu, baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, basi tukaokota karatasi za sabuni, biskuti na majani ya chai, zenye maneno ambayo darasa halikuwahi kuyaimba. Tulipanga herufi kwa maharage kwenye ungo. Mdogo wangu alilia, akasusa, akanirushia maharage. Bibi alichungulia tu: "Tena. Kutoka chini."

Siku aliyosoma karatasi nzima ya sabuni peke yake, Bibi aliichukua, akainyoosha kwa kiganja, akaondoka nayo. Sikujua alikoiweka.

Mwisho wa muhula mwalimu alifunga kitabu, akamwelekeza mtoto kwenye tangazo jipya ukutani. Mimi na Bibi tulisimama mlangoni, nimemshika kanga. Mdogo wangu akasoma polepole mpaka neno la mwisho.

"Nani amekufundisha?" mwalimu akauliza.

"Bibi."

Nilinuna mpaka nyumbani. Koo linikauke mimi, sifa apewe asiyejua a! Bibi alicheka, akanijazia bakuli la loshoro.

Leo jiko lile halipo, na foleni za sabuni wengi wamezisahau. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza, na watoto wangu wanasoma, nasema kwa kujidai. Mtu akiniuliza nani alinifundisha kazi hii, namjibu kama mdogo wangu, wala sinuni.