Kaburi la Tatu Kutoka Ukutani

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa historia, kijana mwenye kiherehere, na niliamini kwamba jambo lisiloandikwa limepotea. Kikundi chetu cha wapenda historia kilitaka kuanzisha matembezi ya kuzuru makaburi ya zamani ya Mji wa Kale, ili wenyeji na wanafunzi wajue waliolala pale ni akina nani. Mimi nikapewa kazi ya kukusanya habari za koo. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na daftari langu, nikinywa kahawa nisiyoitaka na kuwahoji watu kuhusu babu zao.

Makaburi yaliyonishughulisha zaidi yalikuwa ya ukoo mmoja, nyuma ya msikiti mdogo. Mengi hayakuwa na maandishi, maana kwetu wapo watu wa kulijua kaburi. Aliyeyajua yale alikuwa bibi mmoja mjane wa ukoo huo, mshonaji wa kofia, aliyekaa hatua chache kutoka hapo. Alinitajia kaburi moja moja kama mtu anayetaja majirani zake. Alipofika kwenye kaburi la tatu kutoka ukutani akaweka sindano chini.

“Huyo ni babu yangu mzaa mama,” alisema. “Mamangu yuko ubavuni mwake, na hapo kando pamebaki pangu. Lakini babu hakuzawa nao, mwanangu. Alinunuliwa. Bwana wake alimwacha huru, akampa na jina la ukoo. Wazee walilijua hili wasiliseme, nasi tukawa twazikwa nao.”

“Kumbe!” nikasema, mkono ukiendelea kuandika.

“Hilo ni la ndani. Nakwambia wewe kwa kuwa waniuliza kwa adabu.”

“Usiwe na wasi, bibi,” nikamjibu.

Nilisema hivyo huku nikijua nitaitumia habari ile. Habari nyingine zote nilizokuwa nazo zilikuwa za mashekhe na wafanyabiashara, kila ukoo ukidai umetoka Uarabuni, na nusu yake sikuiamini. Hii ilikuwa na nyama.

Siku ya matembezi ya kwanza walikuja watu kama ishirini, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Tukawasalimu maiti kama ilivyo ada, kisha nikaanza kusema. Jina la bibi sikulitaja. Nilijiambia kwamba bila jina siri haijatoka. Upumbavu mtupu! Nilikuwa nimesimama mbele ya kaburi lenyewe nikilionyesha kwa kidole, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo msimamizi wa makaburi yale, mtu wa ukoo ule ule. Niliona uso wake ukibadilika, na bado nikaendelea, kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza kunisikiliza na nilipenda.

Haki ya bibi kuzikwa pale haikuandikwa popote. Ilisimama juu ya watu kunyamaza. Waliojua waliweza kujifanya hawajui, mradi jambo lenyewe halijasemwa mbele za watu. Haikupita wiki, msimamizi akampelekea bibi ujumbe kuwa kiwanja kimekaribia kujaa na nafasi zilizosalia ni za wenye damu ya ukoo.

Bibi akaniita. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alinimiminia kahawa kwanza.

“Nenda ukamwambie umekosea,” alisema. “Sema umechanganya kaburi na kaburi. Sikuombi jengine. Nataka kulala kwa mamangu.”

Nami, na kichwa changu kikubwa, nikamjibu kwamba historia haipotoshwi, na kwamba mimi siwezi kusema lisilo kweli.

“Na uliponambia nisiwe na wasi,” akauliza, “hiyo ilikuwa kweli?”

Nilikunywa kahawa ile hadi tone la mwisho kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu, kisha nikaaga. Kwa msimamizi sikwenda. Nilijipa sababu nyingi, lakini nilikuwa naona haya kukiri mbele ya watu kwamba mwalimu amekosea, hata kwa uongo.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda msibani na mapema, nikamkuta msimamizi kwenye baraza ya msikiti. Akanivuta kando. Hakuwa mtu mbaya. Tangu udogo wake alikuwa akila nyumbani kwa bibi yule.

“Mwalimu, wachimbaji wangoja,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Ile habari una hakika nayo? Yamkini hukusikia vizuri.”

Nilimwelewa. Alikuwa akiniomba. Neno moja tu, “yamkini”, lingemtosha kuwaambia wenzake, na majembe yangeingia nyuma ya msikiti. Wenzangu wawili wa kikundi walikuwa wamesimama karibu, wakisikiliza.

“Alinambia mwenyewe,” nikasema.

Akainamisha kichwa, kisha akawatuma wachimbaji kwenye makaburi ya watu wote, nje ya Mji wa Kale.

Adhuhuri tulimswalia, tukatoka. Wanaume tulipokezana jeneza njia nzima, na zamu yangu ilinifika pale pale kwenye ukuta wa makaburi ya ukoo. Nikalitia begani, tukapita.