Nyuma ya Mfuko wa Chakula cha Mbwa

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililonipwaya mabegani, na kabla sijaonyeshwa hata pa kuweka mkoba, Mkuu wa Maabara alinitupia swali. Mezani kwake palikuwa na mfuko wa chakula cha mbwa, umechorwa pande la nyama linalong'aa na mbwa aliyetoa ulimi kwa raha.

"Binti, humu ndani mna nini?"

Nikasoma kwa madaha ya mtu aliyetoka chuoni juzi: nyama halisi ya ng'ombe, ubora wa juu, nyota tano. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaugeuza mfuko.

"Hapo umenisomea tangazo. Sasa nisomee chakula."

Basi maisha yangu yote ya kazi, hapa Dodoma na huko nilikohamishiwa, yalikuwa upande ule wa nyuma wenye maandishi ya kuumiza macho. Watu walinicheka sana. Shangazi zangu wa Kongwa walikuwa wakiuliza, hivi kweli serikali inakulipa upime chakula cha mbwa, mbwa huyuhuyu anayekula makombo? Niliwaacha wacheke. Nyinyi wanangu mnaonunua kwa kutelezesha kidole kwenye simu, kaeni niwaeleze tulivyofanya, maana naona wengi wenu bado mnasoma tangazo.

Vitu vilivyochanganywa kwenye chakula tunaviita viambato, na kwenye lebo huandikwa kuanzia kilicho kizito kuliko vyote, vikipimwa kabla ya kupikwa. Hapo ndipo mtu anapopigwa chenga. Nyama mbichi sehemu kubwa ni maji. Inapimwa na maji yake, inakaa ya kwanza kwenye orodha, halafu inaingia kwenye mashine na kutoka imenywea. Mahindi makavu yaliyoandikwa chini yake hayanywei hivyo. Mwenye kiwanda mjanja zaidi huyagawa mahindi yenyewe: ataandika mahindi, kisha unga wa mahindi, kisha pumba za mahindi, kila kimoja kidogo kuliko nyama. Mkuu aliviita ndugu watatu walioingia harusini kwa milango mitatu ili wasihesabiwe pamoja.

Kisha kuna protini ghafi. Ghafi maana yake ni kipimo cha jumla tu: maabara hupima naitrojeni na kukisia protini kutokana nayo, bila kuuliza imetoka kwenye nini. Pembe, kwato na manyoya ya kuku vyote vina protini ghafi ya kutosha, ila tumbo la mbwa linapata shida kuitoa. "Ukikisaga hiki kiatu changu," Mkuu alituambia, akikiinua hasa, "nacho kitakupa protini nzuri tu." Na zile nyota? Alitaka tuulize kila mara nani amezitoa. Mara nyingi mtoaji naye alikuwa ameisoma lebo na kuishia hapo, mfuko wenyewe hajaufungua.

Nilimpenda mzee yule, sioni haya kusema. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu mshika dini, na mbwa kwake ni mnyama ambaye ukiguswa na mate yake lazima ujitwaharishe. Alikuwa na koti la pili kwa ajili ya kazi za mbwa tu, na ndoo yake ya maji na udongo safi nyuma ya maabara. Wapo waliomwuliza kwa nini asiwaachie wengine kazi hiyo. Akawajibu kwamba kunawa ni shughuli ya dakika chache, lakini mnyama anayekula kila anachopewa kwa kumwamini mtu anahitaji mtu wa kumwangalizia.

Kutoka maabara nilipelekwa bwawa la Mtera, chini ya Afisa Mifugo mmoja mkali wa maneno, kukagua samaki wadogo wa kukaushwa wanaouzwa kwa viwanda vya vyakula vya mifugo. Huko ndiko nilikoielewa namba inayoitwa majivu, yaani kinachobaki ukiunguza chakula mpaka kiishe: madini, mifupa, na mchanga kama upo. Samaki walioanikwa chini walitoa majivu mengi ajabu. Afisa Mifugo alichota samaki kiganjani, akawasugua karibu na sikio langu nisikie mchanga unavyolia. "Huyu mbwa anajengewa nyumba tumboni?" akaniuliza. Nilikaa naye nikajifunza mengi, matusi yakiwemo, kisha nikarudishwa Dodoma.

Niliporudi ndipo likaja jambo la Chilewa.

Wizara zilikuwa zimeshahamia Mtumba, kwenye mji mpya wa serikali hapa Dodoma, na kampuni za ulinzi zilikuwa zimefuata na mbwa wao. Katika banda moja la mbwa wa ulinzi nje kidogo ya mji, mbwa walianza kukataa chakula, wakatapika, fizi na macho yakawa ya njano. Kadhaa wakafa. Aliyebaki mzima kabisa, manyoya yanang'aa, alikuwa mmoja tu: Jirani, mbwa wa mlinzi aitwaye Chilewa, Mgogo mwembamba wa maneno machache. Mnaona lilivyoelekea. Mbwa wote wanaumwa, wa Chilewa anarukaruka. Meneja wa Ulinzi alimtamkia mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye anayewapa mbwa wengine sumu ili mbwa wake aonekane bora. Alipewa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo afukuzwe kazi, polisi nao waitwe.

Tulifika pale mimi na Mkuu, yeye kavaa koti lake la pili. Chilewa alikuwa amesimama jua kali, kamba ya mbwa mkononi, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mkuu hakuanza na maswali.

"Mbukwa," alimsalimu, kwa Kigogo chake cha kuazima.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ndiye Jirani? Anakula nini?"

"Anakula cha kwenye mfuko, kama wengine," Chilewa akasema, na macho yake yakaenda kwa Meneja.

Mkuu alichuchumaa mbele ya mbwa, bila kumgusa, akamtazama mdomoni kwa muda. Kisha akaniita. Kwenye ndevu za mbwa palikuwa na uzi mwembamba wa kijani, umekauka. Mimi ni mtoto wa Kongwa, sihitaji maabara kuujua mlenda.

Mkuu akamwomba Meneja atufuatie maji ya kunywa. Alipoondoka, akamwambia Chilewa kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi si mwajiri wako. Huyu mbwa anakula ugali wako?"

"Ndiyo, mzee," Chilewa akasema. "Alikataa cha kwenye mfuko tangu ilipokuja mifuko mipya. Akawa anakonda. Nikawa namgawia ugali na mlenda wangu, na samaki nikipata. Mzee, kanuni hairuhusu. Anayempa mbwa kitu nje ya mfuko anafukuzwa. Nikisema nimefukuzwa, nisiposema nimefukuzwa."

Alisema hivyo na machozi yakamtoka, mwanaume mzima, na mbwa akamlamba vidole.

"Basi huyu mzima ndiye shahidi wetu," Mkuu akasema. "Tuanze na mifuko."

Tulichukua sampuli kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia, juu, katikati na chini ya kila mfuko, kwa sababu tulichokuwa tunakihofia hukaa kwa mafungu na ukichota mahali pamoja unaweza kukikosa. Lebo tuliisoma mbele na nyuma. Ilikuwa lebo nzuri: chakula kamili, mahindi yametajwa wazi ya kwanza bila kugawanywa, mashudu ya alizeti, samaki, mafuta. Tulipopima protini, mafuta na majivu, vyote vilikuwa kama vilivyoandikwa. Mimi nilianza kukata tamaa, kwani Ijumaa ilikuwa inakaribia na lebo ilikuwa inasema kweli.

"Imesema kweli kuhusu ni mahindi," Mkuu akanijibu. "Haijasema ni mahindi gani. Pima sumukuvu."

Sumukuvu ni sumu inayoachwa na aina fulani za kuvu kwenye nafaka na karanga. Haina harufu wala ladha unayoweza kuitegemea, kuipika hakuimalizi, na ini la mbwa linaishindwa upesi kuliko la wanyama wengi. Majibu yalipotoka, kiwango kilikuwa kimepita mpaka kwa mbali sana.

Kiwanda kilikuwa cha Mama Lea, mwanamke wa Mlali aliyeanza kwa mashine moja ya kukamua alizeti. Nilitegemea kukuta uchafu. Nilikuta sakafu unayoweza kulalia. Mkuu akaomba kuona mahindi, na Mama Lea akatufungulia stoo bila wasiwasi wowote, akachota kwenye bakuli. Punje zilikuwa zimefifia, nyingine zimevunjika, nyingine zina ukijani.

"Haya nanunua kwa akina mama wa vijijini," alisema. "Wakishachambua ya kula, mabovu wananiuzia mimi. Si ya mbwa?"

Sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Kwetu mama yangu alipeta na kuchambua kwenye ungo kila alipokwenda mashineni: mazuri yanakwenda kusagwa, mabovu wanamwagiwa kuku na mbwa. Nyumba zote zilifanya hivyo, na ilihesabiwa kuwa ni kutokupoteza. Hakuna aliyewaza kwamba ukichambua vizuri namna ile, sumu iliyokuwa imetawanyika kwenye gunia zima unaikusanya kwenye kile kifungu kidogo cha pembeni. Mama Lea alikuwa amenunua vifungu vya vijiji vizima na kuvipika pamoja.

Mkuu alipomweleza, alikataa. Aliwasha jiko pale pale, akataka yasagwe apike ugali na kuula mbele yetu. Mkuu alifunika bakuli kwa kiganja chake.

"Mama, hutakufa leo kwa tonge moja, na kwa hiyo hutatuonyesha kitu. Mbwa anakula hiki asubuhi na jioni, hana mboga nyingine."

Mama Lea alikaa juu ya gunia. Akasema, "Hata wa kwangu nyumbani anakula hiki," akaagiza mashine zizimwe. Kesho yake alikodi lori, akapita mwenyewe kwa kila mteja kukusanya mifuko, akitukanwa hapa na kufungiwa mlango pale. Stoo yote ilifukiwa kwenye shimo refu tulilomwelekeza. Alikaa bila kuzalisha mpaka msimu uliofuata, na mfuko wake mpya ulipotoka, nyuma yake paliandikwa: mahindi ya daraja la kuliwa na watu, yamepimwa sumukuvu. Nimeona lebo nyingi za nchi za mbali zenye dhahabu na nyota. Ile ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Ijumaa Mkuu alimsomea Meneja majibu mbele ya walinzi wote. Meneja aling'ang'ania kidogo kwamba kanuni bado ilivunjwa. "Andika basi," Mkuu akamwambia, "kwamba ingefuatwa ungekuwa na kaburi moja zaidi." Halafu Meneja, na kwa hili nampa sifa yake, alimfuata Chilewa alipo. "Nilikuita mwuaji mbele ya hawa," alisema, "na mbele ya hawa nakuomba radhi." Akampa mkono. Chilewa aliupokea kwa mikono yote miwili, Jirani akibweka katikati yao.

Mkuu alistaafu kabla yangu, na koti lake la pili aliniachia mimi. Lilinipwaya kama lile la siku ya kwanza, lakini nililivaa mpaka siku yangu ya mwisho.

Sasa niko nyumbani. Mkwe wangu anafanya kazi Mtumba, msichana mwenye adabu, na amenunua kambwa kadogo anakokapenda kupita kiasi. Kila mfuko anaoleta ananipa niusome, nami nageuza nyuma kwanza. Juzi nilikuwa uani nachambua mahindi, akaja na bakuli la mbwa kuchota yale mabovu niliyoyatenga. Nikamshika mkono. Nikachukua jembe, nikachimba kando ya ukuta, nikayafukia yote huku ananishangaa.

"Jamani mama, hata mabovu unamnyima?"

"Sisi tuna ungo, mwanangu," nikamwambia. "Yeye hana."