Plasta Juu ya Taa

Juzi hapa Ifakara niliomba lifti kwenye gari jipya la mradi, lililokuwa likimpeleka mkunga kijiji cha Mbingu. Kabla hatujatoka mjini tairi likapata pancha, fundi akatufungia la akiba. Taa ya onyo la upepo wa matairi ikabaki inawaka mbele ya dereva.

"La akiba halina kile kidude cha kupima upepo," fundi akasema, akiligonga kwa spana. "Limejaa. Nendeni."

Dereva akazima injini. "Maagizo yanasema taa ikiwaka, gari haliendi."

Mkunga akafungua mkoba, akakata plasta, akaibandika juu ya taa.

"Haya, haiwaki. Kuna mama ana uchungu tangu alfajiri. Twende, baba."

Tulifika, na mtoto alizaliwa mikononi mwa mkunga. Jumatatu nina shida ofisi ya wilaya, kwa wale wa 'maagizo yanasema', na plasta nimeshanunua.